Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu Aliyeondoa Kabila katika Orodha ya Wanafunzi

Kila mwaka, tarehe 1 Februari, taifa la Rwanda huwakumbuka mashujaa wake. Miongoni mwa waliotukuzwa katika daraja liitwalo Imena, limo jina la mwanamke aliyekuwa mwalimu wa hesabu na kemia, kisha Waziri wa Elimu, na mwishowe Waziri Mkuu. Huyo ni marehemu Bibi Agathe Uwilingiyimana. Leo twapenda kuyasimulia maisha yake kwa ajili ya ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa kazi yake yote ilihusu haki, na kifo chake kililetwa na watu waliovaa sare ya taifa. Askari atakaye kujua sare yake imebeba dhamana gani, hana budi kuyajua maisha haya.

Twaandika haya tukiikumbuka hali ya Bugarama, katika Wilaya ya Rusizi, eneo ambalo zamani lilikuwa katika Mkoa wa Cyangugu. Ni bonde lenye joto, lililo katika sehemu ya chini kabisa ya nchi yetu, mahali ambapo mto Rusizi watutenga na Kongo na mto Ruhwa watutenga na Burundi. Kiswahili chasikika sokoni kama Kinyarwanda. Kuna kiwanda cha saruji, na kuna mashamba ya mpunga ambamo wanawake huinama mchana kutwa, miguu majini. Mwanamke wa bonde hili leo ana haki ya kuandikwa jina lake katika hati ya shamba, na binti yake ana haki ya kuendelea na masomo kwa kadiri ya alama zake. Haki hizo hazikuwapo tangu zamani. Zilipiganiwa, na miongoni mwa waliozipigania mapema, wengine walilipa kwa damu yao.

KUZALIWA NA KUSOMA

Bibi Agathe hakuwa mzaliwa wa Cyangugu. Alizaliwa tarehe 23 Mei 1953 huko Nyaruhengeri, katika eneo la Butare, ng'ambo ya pili ya msitu wa Nyungwe. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Mara baada ya kuzaliwa kwake, jamaa hiyo ilihamia Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Wabelgiji, kutafuta kazi, kama walivyofanya Wanyarwanda wengi wa enzi hizo. Mwaka 1957 baba yake aliwarudisha Butare, na huko ndiko binti huyo alikoanzia safari yake ya elimu.

Alifaulu mitihani ya taifa, akapata nafasi katika shule ya sekondari ya Notre-Dame de Cîteaux mjini Kigali. Alipofikia umri wa miaka 20 alikuwa amekwisha kupata cheti cha ualimu. Hakuridhika na hapo. Aliendelea na masomo ya hesabu na kemia, na mwaka 1976 akawa mwalimu wa hesabu huko Butare. Mwaka huohuo aliolewa na Bwana Ignace Barahira, kijana wa kijijini kwao, nao wakajaliwa kupata watoto watano. Ndoa na ulezi havikumfanya aviweke vitabu kando. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na mwaka 1985 alipata shahada ya sayansi.

Yafaa msomaji afahamu uzito wa jambo hilo. Katika miaka hiyo, msichana wa Rwanda aliyefika sekondari alikuwa mmoja kati ya wachache, na aliyechagua hesabu na kemia alikuwa mchache zaidi. Wengi waliamini kwamba masomo hayo ni ya wavulana, na kwamba binti hutosheka na ujuzi wa kutunza nyumba. Mwalimu Agathe aliwahimiza wasichana waliokuwa darasani mwake wasiogope masomo ya sayansi. Kwa sababu hiyo alilaumiwa na watu waliojiona walinzi wa mila. Hakuacha.

AKIBA NA MIKOPO

Mwaka 1986 alifanya jambo jingine ambalo laonekana dogo, lakini ndilo lililomtoa darasani na kumfikisha mbele ya macho ya wakubwa wa nchi. Huko Butare, pamoja na walimu wenzake, alianzisha chama cha ushirika cha akiba na mikopo, kikaitwa Sororité, yaani udugu wa wanawake.

Askari wa leo haelezwi maana ya ushirika wa namna hiyo, kwa kuwa anao wake. Tangu mwaka 1997 majeshi ya Rwanda yana chombo chao cha akiba na mikopo kiitwacho Zigama, na polisi nao wamo. Kila mwezi mtu huweka sehemu ya mshahara. Akiba za wengi hukusanyika zikawa mtaji. Mwenye haja ya kujenga nyumba au kusomesha mtoto hukopa kwa masharti nafuu. Shida ya mmoja yabebwa na mabega ya wengi.

Kwa mwanamke wa miaka ya 1980, chombo kama hicho kilikuwa na maana kubwa zaidi. Kwa mila, shamba lilirithiwa na watoto wa kiume. Kwa sheria za wakati huo, mwanamke aliyeolewa alihitaji idhini ya mumewe ili aweze kufanya biashara. Mtu asiye na ardhi ya kuweka rehani, na asiyeweza kuingia katika biashara kwa hiari yake mwenyewe, hawezi kupewa mkopo na benki. Bibi Agathe alitambua kwamba elimu peke yake haimtoshi mwanamke, maana mwenye cheti lakini asiye na senti bado ni mtegemezi. Ndiyo maana, tangu mwanzo, aliviunganisha vitu hivyo viwili: daftari la shule na daftari la akiba.

Sifa za ushirika huo zilifika Kigali. Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara. Hivyo ndivyo binti wa mkulima wa Nyaruhengeri alivyoingia katika utumishi wa juu wa Serikali.

WAZIRI WA ELIMU

Mwaka 1990 vita vilizuka nchini, na mwaka 1991 Katiba mpya iliruhusu vyama vingi vya siasa. Bibi Agathe alijiunga na chama cha upinzani cha MDR. Mwezi wa Aprili 1992, Rais Juvénal Habyarimana alikubali kugawana madaraka na vyama vya upinzani, na Bwana Dismas Nsengiyaremye wa MDR akawa Waziri Mkuu. Katika baraza hilo Bibi Agathe alikabidhiwa Wizara ya Elimu.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha simulizi letu. Katika Rwanda ya wakati huo, mtoto hakuingia sekondari kwa akili yake tu. Tangu miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho, na serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliendeleza desturi hiyo. Chini ya utaratibu ulioitwa iringaniza, nafasi za shule na za kazi ziligawanywa kwa hesabu ya kabila na ya eneo. Watoto wa Kitutsi walitengewa sehemu ambayo haikuzidi takriban moja ya kumi. Kwa upande wa maeneo, mikoa ya kaskazini, alikotoka rais, ilipendelewa, na watoto wa kusini waliambulia makombo. Mtoto aliweza kuwa wa kwanza darasani, kisha akabaki nyumbani akimtazama aliyeshindwa akienda shule.

Waziri Agathe aliufuta utaratibu huo. Aliamuru kwamba nafasi za shule za umma na misaada ya masomo zitolewe kwa kufuata alama za mtihani. Aliyefaulu aingie, awe Mhutu, awe Mtutsi, awe Mtwa. Awe wa kaskazini, awe wa kusini. Awe mvulana, awe msichana.

Tuzingatie kwamba kitambulisho chake yeye mwenyewe kilimwandika kuwa Mhutu. Utaratibu alioufuta ulidaiwa kuwekwa kwa faida ya watu wa kundi lake. Angalikaa kimya, hakuna mtu ambaye angalimlaumu, naye angaliendelea kula mshahara wa uwaziri kwa amani. Lakini alikuwa mwalimu. Mwalimu ajua kwamba alama iliyoandikwa kwenye karatasi ya mtihani ni ahadi baina ya taifa na mtoto, na taifa likiivunja ahadi hiyo mara moja, mtoto hataiamini tena ahadi nyingine yoyote.

Wenye siasa kali walimchukia upesi. Mwezi wa Mei 1992, kundi la watu wenye silaha lilivamia nyumba yake likampiga. Alipopata nafuu alirudi ofisini, na uamuzi wake haukubadilishwa.

Mwaka huohuo kilianzishwa chombo kiitwacho FAWE, ambacho makao yake yapo Nairobi, kwa lengo la kuendeleza elimu ya wasichana barani Afrika. Bibi Agathe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Baada ya kifo chake, chombo hicho kilianzisha tuzo yenye jina lake, ya kusaidia miradi ya kuwasomesha wasichana na kuwapatia kipato. Hata katika tuzo hiyo twaona mambo yake mawili yakiwa pamoja: elimu na uchumi.

WAZIRI MKUU

Mwezi wa Julai 1993 ulikuwa wa ajabu katika eneo letu la mpakani. Huko Burundi, Bibi Sylvie Kinigi alishika uwaziri mkuu tarehe 10 ya mwezi huo. Siku chache baadaye, Bibi Agathe Uwilingiyimana naye akawa Waziri Mkuu wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye ukingo wa mto Ruhwa aliweza kusema kwamba pande zote mbili za mto serikali zaongozwa na wanawake.

Lakini cheo hicho kilikuja na miiba. Chama chake mwenyewe kilikuwa kimegawanyika, na upande mmoja ulimsimamisha uanachama. Tarehe 4 Agosti 1993 mkataba wa amani baina ya Serikali na RPF ulitiwa saini mjini Arusha. Mkataba huo ulimtaja mtu mwingine, Bwana Faustin Twagiramungu, kuwa Waziri Mkuu wa serikali ya mpito. Bibi Agathe alitangazwa kuwa ameondolewa, lakini ikambidi abaki kuongoza hadi serikali hiyo ya mpito itakapoapishwa. Uapisho ukaahirishwa mara kwa mara. Kwa miezi 8 aliibeba serikali ambayo kila upande uliivuta kwake, wakati silaha zikigawiwa kwa wanamgambo.

Mwezi wa Oktoba 1993, ng'ambo ya mto, askari wa Burundi walimuua Rais Melchior Ndadaye aliyechaguliwa kwa kura. Ilikuwa ishara mbaya kwa kanda nzima: bunduki zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi ziligeuzwa kumwelekea aliyechaguliwa na wananchi.

ASUBUHI YA TAREHE 7 APRILI

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyomchukua Rais Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa karibu na uwanja wa Kanombe. Usiku huo maofisa wa jeshi walikutana, wakiongozwa na Kanali Théoneste Bagosora. Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, aliwakumbusha kwamba serikali ipo, na kwamba kiongozi wake ni Waziri Mkuu. Kanali Bagosora alikataa katakata kumtambua.

Bibi Agathe alikusudia kwenda Redio Rwanda alfajiri kulihutubia taifa na kuwatuliza wananchi. Umoja wa Mataifa ulimpelekea walinzi 10 Wabelgiji, wakiongozwa na Luteni Thierry Lotin, kuongeza nguvu za askari wa Ghana waliokuwa tayari wakimlinda. Lakini askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais walikwisha izingira nyumba yake. Njia ya kwenda redioni ilifungwa. Aliruka ukuta pamoja na mumewe na watoto, wakajificha katika makazi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa yaliyokuwa jirani. Askari walimtafuta nyumba kwa nyumba. Asubuhi hiyo waliwapata yeye na mumewe, wakawaua. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Wabelgiji 10 walinyang'anywa silaha, wakapelekwa katika Kambi ya Kigali, na huko wote waliuawa. Asubuhi hiyohiyo waliuawa pia Rais wa Mahakama ya Katiba, Bwana Joseph Kavaruganda, na mawaziri waliopinga siasa za chuki. Kwa saa chache tu, kila mtu ambaye kwa sheria angaliweza kusimama na kuzuia mauaji aliondolewa. Tangu saa hiyo hapakuwa na amri halali nchini; palikuwa na amri za wauaji. Katika siku zipatazo 100 zilizofuata, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliteketeza zaidi ya watu milioni moja, kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda.

Bugarama nayo haikusalimika. Kundi la Interahamwe la hapa liliongozwa na John Yusuf Munyakazi, mkulima mwenye mali. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa mauaji yaliyofanyika katika parokia za Shangi na Mibilizi tarehe 29 na 30 Aprili 1994. Wale waliokimbilia kanisani walikuwa na ndugu, majirani na wateja katika bonde hili hili la mpunga. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba msiba wa Kigali ulikuwa wa watu wa mbali.

ASKARI WA AINA MBILI

Katika kisa hiki kuna askari waliovamia, na kuna askari mwingine ambaye twaomba jina lake likumbukwe katika kila kambi. Huyo ni Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa, ambaye kwa kazi yake hakubeba silaha. Watoto wa Bibi Agathe walikuwa wamebaki mafichoni wakati wazazi wao walipouawa. Kapteni Diagne aliwachukua, akawapitisha kwa siri hadi Hoteli ya Mille Collines, na baadaye watoto hao walifika Uswisi salama. Katika wiki zilizofuata aliendelea kuokoa watu, akipita vizuizi kwa ucheshi, kwa sigara na kwa ushujaa. Tarehe 31 Mei 1994, akiwa kwenye kizuizi, kombora liliangukia karibu na gari lake, akafariki dunia. Mwaka 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Wale wa kwanza walikuwa na bunduki, magari na idadi kubwa. Huyu wa pili alikuwa na gari moja. Tofauti yao haikuwa silaha wala mafunzo. Wale wa kwanza walidhani utii wao ni kwa mtu na kwa kundi. Huyu wa pili alijua kwamba utii wake ni kwa uhai wa raia aliye mbele yake. Nao waliojificha nyuma ya vyeo hawakuepuka. Mwaka 2008 Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Kanali Bagosora kwa mauaji ya kimbari, na miongoni mwa makosa yake yalikuwamo mauaji ya Waziri Mkuu. Baada ya rufaa adhabu yake ikawa kifungo cha miaka 35, na mwaka 2021 alifia kifungoni nchini Mali.

YALIYOFUATA

Baada ya mauaji ya kimbari, kabila liliondolewa katika vitambulisho. Mwaka 1996 wabunge wanawake waliunda jukwaa lao la pamoja, na tarehe 12 Novemba 1999 ikatoka Sheria namba 22/99, iliyompa mtoto wa kike haki sawa na ya mtoto wa kiume katika urithi. Katiba ya mwaka 2003 ilitenga angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi kwa wanawake. Uchaguzi wa mwaka 2008 uliifanya Rwanda kuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wanawake ni wengi kuliko wanaume katika Baraza la Wabunge. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuadhibu ukatili wa kijinsia, na mwaka 2009 Polisi wa Taifa walifungua kituo cha kwanza cha Isange huko Kacyiru, ambapo aliyedhulumiwa hupata daktari, mpelelezi na mshauri mahali pamoja.

Hatusemi kwamba mambo hayo yote ni kazi ya mtu mmoja. Lakini njia hiyo alikwisha kuifyeka mwalimu wa kemia aliyesema mtoto apimwe kwa kazi yake, na mwanamke awe na akiba yake.

Basi, ndugu askari na polisi, shujaa huyu hakuwa na kikosi. Alikuwa na sheria tu, akaitumia kwa faida ya mtoto asiyemjua. Sheria haina mikono. Mikono yake ni ninyi. Mjane wa Bugarama afikapo kituoni kulalamika kwamba shemeji zake wamemnyang'anya jaruba la mpunga, mpokeeni kwa heshima, mwandikieni malalamiko yake siku hiyohiyo, wala msimwambie akayamalize nyumbani. Binti aliyeozwa kabla ya wakati akija kwenu akilia, mlindeni. Na ikitokea mkubwa yeyote akaamuru bunduki ielekezwe kwa raia kwa sababu ya kabila lake, au kwa kiongozi halali kwa sababu ya msimamo wake, kumbukeni asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, na mjue kwamba amri ya namna hiyo haina haki ya kutiiwa.

Mabaki ya Bibi Agathe Uwilingiyimana yamepumzika katika makaburi ya mashujaa huko Remera, Kigali. Askari apitaye hapo ampigie saluti, kwa kuwa alikuwa mkuu wa serikali, na alikufa akiwa kazini.